Mgonjwa Huyu ni wa Nani

Mume wangu Elisante akiulizwa swali asilolipenda hushika sikio. Nilimkanya mpaka nikachoka. "Mikono magotini, Daktari," nilimwambia. "Jopo la usaili haliji kukagua masikio yako." Mama mkwe wangu, Mama Evodia, aliyekuwa ameketi kwenye kochi akichambua mchicha, alicheka mpaka sinia likamponyoka. Alikuja Dodoma kutusalimu wakati wa Pasaka, na Julai ilipoingia alikuwa bado anatusalimu.

Julai hiyo nzima sebule yetu iligeuka chumba cha usaili. Tulisukuma meza ya chakula mpaka dirishani, tukaweka kiti kimoja cha plastiki mbele yake, na kila jioni tukitoka kazini mmoja wetu alitoka nje kwenye upepo na vumbi, akabisha hodi, akaingia na viatu vya kanisani. Mwingine alikuwa profesa. Mama Evodia tulimfanya mjumbe wa jopo kwa sababu alikataa kuondoka sebuleni taarifa ya habari inakaribia. Alikuwa na maswali mawili tu: kama msailiwa ameokoka, na kwa nini amekonda hivyo.

Mimi na Elisante ni madaktari wa hospitali moja ya wilaya, na sote wawili tulikuwa tumeomba nafasi ya kusomea udaktari bingwa wa magonjwa ya dharura. Majina yetu yalipotoka kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, Dokta Batholomeo, mganga mfawidhi wetu, alituita ofisini kwake. Si mtu wa kuzunguka mbuyu. "Nitamruhusu mmoja," alisema. "Siwezi kufunga chumba cha dharura kwa sababu ninyi mmeoana. Atakayepata alama nyingi kwenye usaili ndiye atakayekwenda. Mwenzake atabaki na mimi, na sijui lini nitaweza kumwachia."

Hiyo "sijui lini" tuliielewa vizuri. Daktari aliyeruhusiwa kabla yetu alingoja mpaka akaota mvi.

Tuliporudi nyumbani tulishikana mikono juu ya meza, tukakubaliana kwamba tutajiandaa pamoja na atakayeshindwa atafurahi na mwenzake. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nasema wazi, lakini pia niliamini kabisa kwamba Elisante akiipata nitampigia vigelegele. Ndiyo maana nilimfundisha kwa moyo wote. Hakuna mtu anayeweza kusema nilimficha kitu.

Swali lililotutesa lilikuwa moja. Waliotangulia walikuwa wametuambia kwamba halikosekani: tueleze kuhusu mgonjwa aliyekufundisha jambo. Hapo jopo halitaki kusikia kitabu. Linataka kujua wewe ni daktari wa namna gani.

Mimi nilikuwa na mgonjwa wangu, na nilimjua mpaka harufu. Alikuwa mwanamke kijana, kibarua wa mashamba ya zabibu ya Makutupora. Aliletwa akitokwa na mate na jasho, kifua kinachemka, mboni za macho zimenywea kama ncha ya sindano. Walionitangulia zamu walikuwa wameandika nimonia. Nilipomwona nikajua ni sumu ya kuulia wadudu: bomba la mgongoni lilikuwa limemvujia akinyunyizia. Tukamvua, tukamwosha, tukampiga sindano za atropini, dawa ya sumu hiyo, mpaka kifua kikakauka, akaanza kuzungumza. Nikaenda kula nikijisifu. Niliporudi, mate yalikuwa yanamtoka upya.

Tukampa dawa tena, akapata nafuu. Baada ya muda, hali ile ile. Mara ya tatu niliacha kutazama mashine nikaanza kutazama kitanda. Kumbe kila tulipoondoka, mama yake alikuwa anaondoa shuka la hospitali na kumfunika kwa kitenge chake mwenyewe, kile kile binti alichokuwa amejifunga shambani, kimelowa sumu. Manesi walikuwa wamemwambia akitupe. Hakukitupa. Nilikaa kando yake, nikamwamkia "Mbukwenyi," tukaongea Kigogo, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Akaniambia mwanawe si mtu asiye na kwao hata alale chini ya shuka lililofunika kila mtu. Nguo ya mtu mgonjwa hutoka nyumbani kwake. Basi nikafungua pochi langu, nikatoa kitenge changu ninachotembea nacho, nikamwambia mimi ni mtoto wa Mpwapwa, kwetu na kwao ni pamoja, amfunike kwa hiki. Akakipokea kwa mikono miwili. Mgonjwa hakuzidiwa tena.

Mama Evodia aliipenda habari hiyo kuliko taarifa ya habari. "Hebu rudia ile ya kitenge," alikuwa akisema kila jioni. "Kikulacho ki nguoni mwako, si ndiyo hiyo? Rudia, Mama Yudith." Yudith ni binti yetu, aliyekuwa shule ya bweni. Nami nilirudia, jioni baada ya jioni, na Elisante kwenye kiti cha profesa akinisahihisha: hapa punguza, hapa pumua, hapo kwenye mama mtazame mwenyekiti machoni. Mwisho aliijua vizuri kuliko mimi.

Yeye mgonjwa wake alikuwa mtoto wa Mtera, wa mvuvi mmoja kule bwawani. Mtoto aliletwa anatapika, tumbo limejaa. Elisante alidhani ni tumbo la kawaida, akamwekea maji, akasubiri. Wakati anaandika rufaa, utumbo uliokuwa umejisokota ulikuwa umekwisha kuoza, na mtoto alifia njiani kwenye gari la wagonjwa. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, mwaka ule ule ilipotokea, akiwa ameketi sakafuni jikoni. Ni mimi niliyemwambia aitumie.

"Jopo linajua madaktari wanapoteza wagonjwa," nilimwambia. "Wanataka mtu anayeweza kulisema. Sema: nilichelewa kumpa rufaa. Halafu sema unafanya nini tofauti siku hizi. Basi, umemaliza."

Kila jioni alianza vizuri. Mtera, baba mvuvi, kutapika. Kisha tukifika pale, mkono unapanda sikioni. "Hali ya mtoto ikabadilika ghafla."

"Haikubadilika ghafla. Ulichelewa."

"Nitasema siku yenyewe."

"Siku yenyewe hutasema kama leo husemi."

Watu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mpare wangu mimi alishindwa kujisemea hata kesi yake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ina ubaya mmoja, hutoka na sauti ya ukali. Jioni moja nilimrudisha mlangoni tena na tena mpaka Mama Evodia akaweka kisu chini. "Penina, mwache mwanangu apumue." Elisante alitoka kwenda kuangalia tangi la maji, ambalo lilikuwa limejaa. Aliporudi nilimwambia kama hawezi, atafute mgonjwa mwingine. Akasema atapata. Sikumuuliza tena, na tukazima taa ya sebuleni.

Siku ya usaili tulipanda bajaji moja, mimi na yeye na mafaili yetu mapajani. Nilikuwa nimempigia pasi shati lake kabla ya gauni langu. Tulikaa kwenye korido ya chuo pamoja na madaktari wengine waliotoka mikoa mbalimbali, kila mmoja midomo inamchezacheza kama mtu anayesali. Waliitwa kwa mpangilio wa herufi, kwa hiyo Elisante aliingia mapema. Nilimshika mkono akisimama. Ulikuwa baridi.

Alipotoka alikuwa amelowa kwapani. Hakuja kukaa nilipokuwa. Alisimama dirishani akitazama magari yaliyoegeshwa, wengine wakaingia na kutoka, na mwisho ilibidi nimfuate mimi.

"Vipi?"

"Kawaida tu."

"Wameuliza la mgonjwa?"

"Wameuliza."

"Ukawaambia yupi?"

Mkono wake ukaenda sikioni, lakini foleni ilikuwa imesogea kuliko nilivyodhani, na sauti ikaita jina langu. Nikamwachia pochi langu, nikaingia.

Walikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Ritha, mama mnene mwenye sauti ndogo. Kulia kwake alikuwapo mzee mwenye miwani, na kushoto daktari kijana aliyekuwa akiandika. Tuliongea Kiingereza. Nilijibu kwa nini dharura, nikajibu mapungufu yangu, nikaona kichwa cha mzee kinakubali. Kisha likaja lile swali, na nakiri nilifurahi lilipokuja. Nikaanza na mashamba ya zabibu.

Sikufika mbali kabla kalamu ya yule kijana haijasimama. Nilipofika kwa mama wa mgonjwa, alimtazama mwenyekiti. Nilidhani wamevutwa na habari. Nilipotaja kitenge, Profesa Ritha aliinua mkono, akaacha Kiingereza.

"Subiri kidogo, Dokta. Mgonjwa huyu tumeshamsikia asubuhi hii."

Sikuelewa. Kweli kabisa, sikuelewa.

"Kibarua wa zabibu," akaendelea. "Sumu, atropini, mama anayemfunika mwanawe nguo iliyolowa. Mpaka maneno yanafanana. Isipokuwa kule daktari alivua koti lake akamfunika. Mnafanya kazi hospitali moja na daktari huyo?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi tusaidie. Mgonjwa huyu ni wa nani?"

Akilini nilimwona Elisante ameketi kwenye sakafu ya jikoni. Nilimwona Mama Evodia na sinia lake. Nilijua mtu akikamatwa kwa uongo kwenye usaili wa namna ile, habari zake hazibaki chumbani. Zinamtangulia kila atakapobisha hodi. Na ulimi wangu, ambao nyumbani hauna breki, ulifanya kazi ya mke kabla sijauuliza.

"Ni wetu sote wawili," nikasema. "Tulimhudumia pamoja."

"Na mgonjwa alifunikwa kwa kitu gani hasa? Kitenge au koti?"

"Kitenge kilikuwa changu. Koti lilikuwa lake."

"Vyote viwili?"

"Kulikuwa na baridi, Profesa."

Mzee wa miwani aliinamisha uso. Profesa Ritha alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kwa namna ninavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi. "Sawa," alisema. "Mgonjwa mmoja hatuwezi kumpa alama mara mbili. Tuendelee." Wakaendelea, na mimi nikaendelea, lakini majibu yote niliyoyajua yalikuwa yamekwenda mahali. Waliponiuliza kuhusu mshtuko wa mwili nilisimama katikati ya sentensi. Wakanishukuru.

Elisante alikuwa mwisho wa korido, pochi langu amelikumbatia. Sura yake ilikuwa ya mtu anayengoja majibu ya maabara.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimesema ni wetu."

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea, akaweka paji la uso wake begani mwangu, mbele za watu, jambo asilolifanya kamwe. "Mungu akubariki," alisema. "Ametoka mwenyewe, Penina. Nilifungua mdomo niseme ya yule mtoto, naapa, nikamwona baba yake, na akatoka mgonjwa wako. Hata sikujua nasema nini."

Nilimwamini. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilimwamini na nikamwonea huruma, na nilianza kujiambia kwamba pengine ni mimi niliyemsukuma kupita kiasi, kwamba mke akishindwa kwa ajili ya mumewe si mwisho wa dunia, kwamba Dokta Batholomeo hawezi kukaa kwenye kiti kile milele. Nilimshika kisogo. Ningesamehe pale pale, kwenye korido ile, na mambo yangekwisha.

Akainua kichwa akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu asubuhi. "Hata hivyo sikuwa na wasiwasi sana," akasema. "Kwanza niliweka koti, ili visifanane. Na nilijua wakikubana, wewe huwezi kuniangusha."

Nikautoa mkono wangu kisogoni pake.

Habari inayomtoka mtu yenyewe haibadilishi nguo njiani. Aliyekaa akafikiri koti alikuwa na nafasi ya kufikiri mtoto wa Mtera pia. Alikuwa amepima vyote viwili, aibu yake na mimi, akaona mimi ni mwepesi kubeba. Lililoniuma zaidi ni kwamba alinijua vizuri. Hakukosea. Nilikuwa nimefanya vile vile alivyohesabu nitafanya.

"Nipe pochi," nikasema.

"Twende tukale. Kuna mama anapika wali pale nje."

"Baki nalo basi."

Nikageuka. Nilimsikia akiniita, kwanza kwa sauti ya kawaida, "Mama Yudith," kisha kwa jina. Madaktari waliosubiri waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Msailiwa aliyenifuata alikuwa hajaingia bado. Jopo lilikuwa limepumzika kidogo. Nilibisha hodi nikafungua kabla ya kujibiwa, kosa ambalo nyumbani nilikuwa nikimkata Elisante alama kwa ajili yake.

Walikuwa wanakunywa chai. Profesa Ritha alikuwa na kipande cha kitumbua mkononi. "Umesahau kitu, Dokta?"

"Nimerudi kusahihisha jibu langu."

Yule kijana akatafuta kalamu yake. Profesa aliweka kitumbua kwenye kisahani, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Unajua kwamba ukisahihisha, utakuwa umekubali kuwa ulitudanganya. Tutaandika. Tunaweza kuwaacha wote wawili."

"Najua."

"Sema."

"Mgonjwa alikuwa wangu. Dokta Elisante hakuwapo zamu siku ile. Alimjua kwa sababu nilimsimulia tukijiandaa. Koti halikuwepo."

Mlango nilikuwa sijaufunga nyuma yangu, na upepo wa korido ulikuwa ukipekua karatasi zao mezani. Mzee wa miwani akazilaza kwa kiganja.

"Kwa nini hukusema nilipokuuliza?"

"Ni mume wangu, Profesa."

"Na sasa?"

"Bado ni mume wangu." Nikaona aibu kulia mbele ya watu wanaonipima kama nitaweza kusimama kwenye chumba cha dharura. "Lakini mgonjwa ni wangu."

Profesa Ritha hakuwa akinitazama mimi tena. Alikuwa akitazama nyuma yangu. Niligeuka nikamwona Elisante amesimama kizingitini, pochi langu la maua likining'inia mkononi mwake, shati nililolipiga pasi limetoka nje ya suruali upande mmoja.

"Karibu, Dokta," Profesa akamwambia kwa upole. "Una la kusema juu ya hili?"

Alifungua mdomo. Hakumtazama mwenyekiti, wala wajumbe. Alinitazama mimi, kwa namna alivyokuwa akinitazama sebuleni akisahau jibu, akingoja nimnong'oneze. Nilikuwa nalijua jibu. Lilikuwa neno moja, "nilidanganya," nalo lingeweza kumfaa hata pale, hata saa ile. Nilibana midomo. Nilimpenda, na sikumnong'oneza.

Elisante akaliweka pochi langu chini, taratibu, kando ya mlango, akarudi nyuma hatua moja mpaka akawa koridoni. Hakuondoka. Alisimama pale.

"Basi," Profesa Ritha alisema, akavuta karatasi mpya. "Dokta Penina, funga mlango, ukae, tuanze upya."

Nikaufunga.